HISTORIA YETU ISIPIMWE KWA KILO

Kuna maneno mawili ambayo yameipotezea nchi hii mali nyingi bila kelele wala fujo. Maneno hayo ni "mali chakavu". Mtumishi akishayaandika juu ya karatasi na kutia sahihi yake, basi kitu hicho hakina tena mtetezi. Hakuna aulizaye kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, wala nani aliyekishika kwa mara ya mwisho. Linalobaki kuulizwa ni uzito wake tu.

Makala haya yanatetea aina moja ya vitu ambavyo kwa urahisi sana huangukia chini ya hukumu hiyo: vyombo na vipande vya vyumba vya marubani wa ndege za kivita za zamani. Nasema juu ya vipima mwendo na vipima kimo, dira, usukani, viti, swichi, na vile vibati vidogo vya namba ambavyo mafundi wa kiwandani walivigongomea ribiti ili ndege ijulikane. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu huvitafuta kwa fedha nyingi. Huko Newark, Uingereza, wako wapenzi ambao kwa miaka mingi wamekutana kuonyeshana vyumba vya marubani walivyovikusanya kipande kwa kipande. Kwetu sisi, kipande kama hicho ni aluminiamu, na aluminiamu ina bei yake sokoni.

Najua wako watakaocheka. Watauliza: Tabora na ndege za kivita wapi na wapi? Tabora si nchi ya miembe, asali, tumbaku na wapagazi? Kicheko hicho ndicho ugonjwa wenyewe ninaoupiga vita. Hatujui tulicho nacho, na kwa sababu hatujui, hatuoni haya kukitupa.

NJIA YA MISAFARA NA NJIA YA ANGA

Kila mwalimu wa historia anafundisha kwamba Unyanyembe ilikuwa njia panda. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika hapo, ukapumzika, ukagawanyika: wengine walikwenda Ujiji, wengine Karagwe na Buganda, wengine Katanga. Reli ilifuata nyayo za wapagazi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Jambo ambalo halifundishwi ni kwamba ndege nazo zilifuata, tena zilikuja kwanza kama silaha.

Mwaka 1916 Wabelgiji walijenga kituo cha ndege karibu na Mtoa, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Ndege zao zilikuwa za kutua majini, aina ya Short 827, walizoazimwa na Waingereza. Mwezi Juni mwaka huo zilivuka ziwa na kuiangushia Kigoma mabomu, zikiiwinda meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Wananchi wa Kigoma, ambao vita ile haikuwa yao, walionja mashambulizi ya anga miaka mingi kabla raia wa miji mingi ya Ulaya hawajayaonja. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha meli hiyo kwa mikono yao wenyewe, wakakimbia. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur likaingia Tabora.

Meli ile tunaijua sote. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Iliwabeba wakulima, wanafunzi, wagonjwa na wakimbizi kwa miongo mingi. Hebu tujiulize: kama mwaka 1924 angetokea karani mmoja akaandika "mali chakavu", Liemba ingekuwa wapi?

Miaka minne baada ya vita vya Tabora, ndege nyingine iliuandika mji huo katika historia ya anga ya dunia. Gazeti la The Times la London lilikodi ndege aina ya Vickers Vimy Commercial ijaribu kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Vimy ilibuniwa wakati wa vita ili iwe ndege ya kuangusha mabomu; hii ya The Times ilitokana na umbo hilo hilo. Ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na miongoni mwa waliokuwamo alikuwa mtaalamu wa wanyama, Dakta Chalmers Mitchell. Waliondoka Uingereza tarehe 24 Januari 1920, wakavuka Misri na Sudan, wakafika Tabora. Hapo tarehe 27 Februari ndege yao ikaanguka, na safari ikaishia hapo hapo. Viwanja vya ndege vya njia ile vilifyekwa kwa majembe na mashoka ya Waafrika, ambao pia walivichimbua vichuguu vya mchwa vilivyozuia njia. Vitabu vya wageni huwataja marubani kwa majina na vyeo. Wafyekaji ni "vibarua" tu.

Tusisahau na Urambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulileta nchini matrekta yaliyoitwa Shervick. Hayo yalikuwa vifaru vya kivita aina ya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers, kampuni ile ile iliyounda Vimy. Mpango ulianguka kwa aibu. Basi Mkoa wa Tabora peke yake unaweza kumfundisha kijana jinsi mashine za vita za mabeberu zilivyogeuzwa kuwa mashine za "maendeleo" yao, na jinsi zote mbili zilivyokwama katika udongo wetu.

Na iko vita iliyokuwa yetu kwa haki. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na ndege zake zikaishambulia Bukoba. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumwokoa Amin, ililenga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, ikaua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Tarehe 7 Aprili majeshi yetu yaliuteka uwanja wa Entebbe, na siku nne baadaye yakaingia Kampala. Walioiona vita ile wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Wakiondoka, ni vitu tu vitakavyobaki kushuhudia.

KIPANDE KIMOJA CHASEMA MENGI

Wapinzani husema kwamba bati ni bati. Sivyo. Kipande cha chumba cha rubani ni hati, na anayejua kusoma hati hiyo huambiwa mambo mengi.

Kwanza, tazama vipimo. Kipima kimo kilichoandikwa kwa futi, na kipima mwendo kilichoandikwa kwa maili au noti, huelekeza kwa Waingereza au Wamarekani. Mita na kilomita kwa saa huelekeza kwa Warusi, Wachina, Wajerumani na wengine wa bara la Ulaya. Pili, tazama lugha. Ndege za Amin aina ya MiG zilitoka Urusi, na vyombo vyake vina herufi za Kirusi. Ndege za kivita ambazo Jeshi letu lilizipata miaka ya 1970 zilitoka China, nazo ziliundwa kwa mfano wa MiG hizo hizo. Kwa hiyo vyombo viwili vinaweza kufanana kama mapacha, kimoja kikiwa na Kirusi na kingine Kichina, kumbe vilikuwa pande mbili za vita moja. Herufi hazitoshi kutoa hukumu, maana ndege hutekwa na kubadili mikono, lakini ni ushahidi wa kwanza.

Tatu, tazama mihuri. Taji juu ya herufi A na M ni alama ya Wizara ya Anga ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1918. Na namba inayoanza na 6A ni ya fungu la vyombo vya kupimia katika ghala zao. Nne, tazama kibati cha namba, maana humo mna aina, namba ya kiwanda, na pengine mwaka. Kibati hicho ndicho huamua kama kipande kilitoka katika ndege fulani inayojulikana, au katika ndege yo yote kati ya maelfu.

Lakini jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo haliandikwi juu ya chombo. Ni mahali kilipookotwa. Dira iliyokutwa porini, ikaandikiwa kijiji, tarehe, na maneno ya mzee aliyeionyesha, ni ukurasa wa historia. Dira hiyo hiyo ikishauzwa, ikasafishwa, ikapangwa juu ya rafu ya tajiri wa ng'ambo, ni pambo. Mfanyabiashara hung'oa saa moja moja katika ubao wa vyombo na kuziuza mbali mbali, kwa kuwa zikiuzwa hivyo huleta faida zaidi. Ubao ukishatawanywa namna hiyo haukusanyiki tena, sawa na kitabu kilichouzwa karatasi moja moja.

Hapa pana onyo ambalo kila mwalimu hana budi kulijua kabla ya kuwatuma watoto kutafuta cho chote. Vyombo vingi vya zamani vilipakwa rangi yenye radiamu ili mishale na tarakimu zing'ae gizani. Rangi hiyo huacha kung'aa, lakini sumu yake haiishi. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 ili nguvu yake ipungue kwa nusu. Chombo kama hicho kisifunguliwe, kisikwanguliwe, na vumbi lake lisivutwe puani. Viti vya kuwafyatua marubani nje ya ndege za jeti vina baruti, na baruti ya miaka mingi haina rafiki. Aonaye kiti kama hicho, au kitu kinachofanana na bomu, asikiguse: aweke alama, awaondoe watoto, aarifu polisi au jeshi. Mnunuzi wa vyuma chakavu hawaambii vijana haya. Huwaambia bei tu.

HOJA ZA WANAOTUPINGA

Hoja ya kwanza husema hivi: ndege hizo zilikuwa za wakoloni, kuzihifadhi ni kuwatukuza. Hoja hii huvaa nguo za uzalendo, lakini ndani yake mna kasumba ile ile. Mkoloni alitaka tuamini kwamba mashine ni habari yake na jembe ni habari yetu. Nani aliibeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918? Jina la Kariakoo lajibu. Nani alifyeka viwanja? Nani aliangushiwa mabomu? Tukiitupa mashine ya mkoloni, tunatupa ushahidi wa aliyotutenda, kisha tunabaki na kitabu alichokiandika yeye. Ngome ya Wajerumani ya Tabora haimtukuzi Mjerumani kwa kusimama. Inamkumbusha kijana kwamba Mtemi Isike alipigana, na kwamba mwaka 1893 alikufa pasipo kusalimu amri.

Hoja ya pili ni ya umaskini. Wanasema nchi yenye upungufu wa madawati haina fedha za kutunza makopo ya ndege. Hoja hii ingekuwa na uzito kama tulikuwa tunaomba fedha nyingi. Daftari, kalamu, picha, sanduku lenye kufuli, na afisa anayejua wajibu wake: hayo ndiyo tunayoyataka kwanza. Tena umaskini haujawahi kutajirika kwa kuuza kumbukumbu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000, za thamani ya rupia 15 kila moja, kwa dhahabu ya Sekenke. Leo sarafu hizo hushindaniwa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa bei inayozidi sana thamani ya dhahabu iliyomo. Dhahabu ilikuwa yetu, karakana ilikuwa mjini kwetu. Ni wanafunzi wangapi wa Tabora waliopata kuiona hata moja? Walioziuza mapema waliuza dhahabu, na walionunua walinunua historia. Tunataka kurudia mchezo huo?

Hoja ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa husemwa kwa upole. Ni ile isemayo kwamba wageni wana ujuzi na majumba mazuri, basi wacha wachukue, watavitunza kuliko sisi. Sikatai kwamba wako wakusanyaji waaminifu ng'ambo. Ujuzi mwingi wa kuvitambua vyombo hivi umehifadhiwa na watu wa namna hiyo, nasi tunapaswa kuandikiana nao na kujifunza kwao. Lakini kujifunza kwa mtu si kumkabidhi ufunguo wa nyumba. Mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru ilichimbwa na mikono ya Watanzania kati ya 1909 na 1913; imo Berlin, imetunzwa vizuri sana, na mtoto wa Lindi hana nauli ya kwenda kuiona. Utunzaji usiomfikia mwenye mali ni unyang'anyi wenye adabu.

SHERIA NA SAHIHI

Sasa tuje kwetu sisi watumishi wa umma, maana lawama nyingine ni za kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilirekebishwa mwaka 1979, inalinda kwa nguvu yake yenyewe vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa kuchongwa umepewa muda mrefu zaidi, hadi mwaka 1940. Tafsiri yake ni nini? Ni kwamba vita vya Mirambo, kifo cha Isike, reli, mapigano ya 1916, ndege ya 1920 na vita vya Kagera vyote viko upande wa pili wa mstari. Kigae cha chungu cha mwaka 1850 kina ulinzi, na chombo cha ndege iliyoanguka Tabora hakina, mpaka mtu afanye kazi ya kukiombea.

Lakini sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba kitu fulani kihifadhiwe. Mlango upo, ila hakuna abishaye hodi. Tena nchi yetu iliridhia mwaka 1977 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni, na mkataba huo unataja waziwazi vitu vya historia ya sayansi na ufundi, na historia ya kijeshi. Yaani dunia imekwisha kukubali kwamba kipima kimo cha ndege ya vita chaweza kuwa mali ya utamaduni. Tunaosuasua ni sisi. Tangu mwaka 2006 njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imo katika orodha ya nchi yetu ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Haitoshi kuipendekeza njia ya wapagazi huku tukifumba macho juu ya yaliyopita katika njia hiyo baadaye.

Afisa anayesimamia mnada wa mali chakavu ana kalamu nzito kuliko nyundo. Kabla hajatia sahihi, na aulize maswali matatu: kitu hiki kilitoka katika mashine gani? Je, kina namba? Je, mtu wa mambo ya kale au wa makumbusho amekiona? Kama jibu la swali la tatu ni hapana, sahihi ingoje. Anayeona tabu kungoja wiki mbili kwa ajili ya kitu kilichongoja miaka mia moja hafai kukabidhiwa mali ya umma.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana kwa nguvu tuliyo nayo.

Mosi, kila afisa utamaduni wa wilaya katika mikoa ya Tabora na Kigoma, na pia Mwanza na Kagera, afungue daftari la vitu vya kivita na vya usafiri wa zamani: vilipo, picha, vipimo, namba, na jina la aliyetoa habari. Kuandika hakuhitaji kukihamisha kitu, wala kumnyang'anya mtu.

Pili, shule zishiriki. Tabora ni mji wa shule. Shule ya Serikali ya Tabora ndiyo iliyomsomesha Mwalimu Nyerere kati ya 1937 na 1942. Mwalimu wa historia, wa fizikia na wa jiografia wanaweza kukaa meza moja: huyu afundishe vita, yule afundishe jinsi mgandamizo wa hewa unavyokisukuma kipima kimo, na mwingine achore ramani. Wanafunzi wakusanye kwanza maneno ya wazee, maana maneno hayana radiamu wala baruti, na huoza upesi kuliko chuma.

Tatu, Wizara inayohusika iutazame upya mwaka 1863, maana historia ya taifa hili haikukoma mwaka huo. Na kabla sheria haijabadilishwa, Waziri autumie uwezo alionao.

Nne, vitu vikipatikana, visikimbizwe vyote Dar es Salaam. Nyumba ya Kwihara, alikokaa Livingstone, inamkumbuka mgeni mmoja. Ni haki pia pawepo chumba Tabora kitakachomkumbuka mpagazi, mfyekaji wa uwanja, askari na raia aliyeangushiwa bomu.

Wazee wetu walibeba pembe mabegani kutoka bara hadi pwani, na faida ikaenda kwa wengine. Walilazimishwa kwa bunduki, kwa njaa na kwa deni. Sisi hatujalazimishwa na mtu. Kikiondoka leo kipande cha historia yetu kwa njia ile ile ya Tabora kwenda pwani, kitakuwa kimeondoka juu ya gari lenye kibali, na chini ya kibali hicho patakuwa na sahihi ya mmoja wetu. Sahihi hiyo inaweza kuzuiwa. Na ianze kuzuiwa sasa.